Roma Ilivyogeuka Bizanti: Siku ya Kuzindua na Siku ya Kutumia

Mnamo mwaka 110 hivi, gavana aliyetumwa na Roma katika jimbo la Bithynia, kaskazini-magharibi mwa Uturuki ya leo, alikagua hesabu za mji wa Nicomedia. Alikuta mji umetumia sesterti 3,318,000 kujenga mfereji wa maji. Mfereji haukukamilika. Uliachwa, kisha ukabomolewa. Mji ukatoa tena sesterti 200,000 kwa mfereji wa pili, nao ukaachwa njiani. Askari wa kawaida wa jeshi la Roma wakati huo alilipwa sesterti 1,200 kwa mwaka, kwa hiyo fedha za mfereji wa kwanza peke yake zingetosha mishahara ya mwaka mzima ya askari zaidi ya 2,700. Wakazi wa Nicomedia walikuwa bado wanasubiri maji.

Gavana huyo, Pliny, hakuishia kwenye makaratasi. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye chemchemi, akaona matao machache ya kazi ya kwanza yamebaki yamesimama. Alimwandikia Kaisari Trajan kwamba maji yapitishwe juu ya matao, yasije yakafika sehemu za bondeni tu. Mawe ya mfereji uliobomolewa yatumike tena, na mahali pengine pajengwe kwa matofali ya kuchoma, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Trajan alijibu kwa kifupi. Maji yaletwe, na ichunguzwe ni kwa kosa la nani fedha nyingi kiasi hicho zimepotea, kama watu hawakuwa wakifadhiliana wao kwa wao kwa kuanzisha mifereji na kuitelekeza.

Katika mji jirani wa Nicaea palikuwa na ukumbi wa maonyesho ambao, kwa alivyoambiwa Pliny, ulikuwa umekwisha kula zaidi ya sesterti milioni 10. Haujaisha, na tayari ulikuwa ukididimia na kupasuka, ama kwa sababu ardhi ni chepechepe, ama kwa sababu mawe yenyewe yalikuwa dhaifu. Watu binafsi walikuwa wameahidi kuongeza kumbi pembeni na baraza juu ya viti vya watazamaji. Ahadi zao zote zilikwama, maana zilitegemea jengo lililokuwa na nyufa.

Nimeanza na barua hizo kwa sababu Nicomedia na Nicaea zilikuja kuwa katikati ya dola tunaloliita Bizanti. Namna Dola la Roma lilivyogeuka polepole kuwa dola la zama za kati kwa kawaida husimuliwa kwa vita na kwa orodha ya makaisari. Mimi naona inaeleweka zaidi katika kazi za umma: nini kiliahidiwa, nini kilijengwa, nani alikitumia, na nani aliachiwa kukitunza. Katika mwendo wa karne sita na nusu, dola lililoanzisha kazi nyingi kuliko lilivyoweza kuzimaliza likawa dola ambalo nguvu zake nyingi zilikwenda kwenye ukarabati. Hakuna siku moja ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole na kusema Roma imeishia hapa, Bizanti imeanzia hapa. Wenyewe hawakubadili jina. Waliitwa Warumi na walijiita Warumi hadi mji wao mkuu ulipotekwa mwaka 1453. Jina la Bizanti lilienea baada ya Hieronymus Wolf, msomi wa Ujerumani, kulitumia katika mkusanyo wa vitabu vyao mwaka 1557. Sisi wa Pwani tulibaki na jina la wenyewe. Sura ya 30 ya Kurani inaitwa kwa jina lao, na Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unamtaja Kaisari Heraclius kama Herekali.

Miradi mikubwa huanza na mahali na tarehe. Kaisari Constantine alipomshinda mshindani wake Licinius mwaka 324, alichagua mji wa kale wa Byzantion kuwa makao yake mapya. Hoja za kiufundi zilikuwa nzuri. Rasi ile ina maji ya bahari pande tatu, iko kwenye mlango kati ya bahari mbili, na kutoka pale jeshi lingefika mpaka wa mto Danube na mpaka wa Uajemi kwa urahisi kuliko kutoka Italia. Upungufu wake mkubwa ulikuwa maji ya kunywa. Kama kungekuwa na upembuzi yakinifu kwa maana yetu ya leo, jambo hilo lingekuwa ukurasa wa kwanza.

Tarehe ilitangulia. Konstantinopoli, kama mji huo ulivyoitwa sasa, ilizinduliwa tarehe 11 Mei 330, chini ya miaka sita tangu kuanza. Sanamu na nguzo zilisombwa kutoka miji mingine ili mji mpya uonekane mkongwe. Nguzo ya shaba ya nyoka iliyotoka Delphi bado imesimama Istanbul, katika uwanja uliokuwa wa mashindano ya farasi. Zosimus, mwandishi asiyempenda Constantine, anaeleza kwamba baadhi ya majengo yalijengwa kwa haraka mno hata yakabomolewa muda mfupi baadaye kwa kuwa hayakuwa salama. Msomaji anaweza kumpunguzia Zosimus kwa sababu ya chuki yake, lakini anachokisema si kigeni kwa yeyote aliyewahi kukaa na mkandarasi anayekimbizana na siku ya mgeni rasmi.

Mkate ulipangwa vizuri kuliko maji. Kuanzia mwaka 332 wakazi waligawiwa mkate bure, inasemekana mgao 80,000 kwa siku, kwa ngano iliyoletwa kwa meli kutoka Misri. Sehemu ya mgao ilifungwa na nyumba: aliyejenga mjini alipata haki ya mkate. Kwa maji, mji uliendelea kutegemea mfereji wa zamani wa Kaisari Hadrian, uliofikisha maji sehemu za chini. Mfereji mpya, uliopita juu vya kutosha kuhudumia vilima, ulikamilika mwaka 373 wakati wa Kaisari Valens. Ni miaka 43 baada ya uzinduzi. Mtoto aliyezaliwa kilimani siku ya sherehe ya Constantine alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake maji yalipofika karibu na mlango wake. Na kosa ni lile lile ambalo Pliny aliliogopa Nicomedia, mfereji unaohesabiwa kuwa upo huku ukifika mabondeni peke yake.

Serikali ya Roma haikuwa kipofu kwa mambo haya. Katika mkusanyo wa sheria uliotangazwa na Kaisari Theodosius wa Pili mwaka 438 kuna sehemu nzima kuhusu kazi za umma, na amri moja inarudiwa humo kwa namna mbalimbali: gavana asianzishe kazi mpya kabla ya kumaliza zilizoachwa na waliomtangulia. Sheria inayorudiwa mara nyingi ni sheria isiyofuatwa sana, ila pia ni dalili kwamba mtu fulani alikuwa akiwaza vizuri. Nyingine, ya mwaka 385, inasema waliokabidhiwa kusimamia ujenzi wa umma, wao na warithi wao, watawajibika kwa kasoro za kazi hadi miaka 15 baada ya kukamilika. Siku hizi muda wa matazamio katika mikataba mingi ni mwaka mmoja.

Ipo sheria nyingine ninayoipenda zaidi, ya mwaka 413. Wakati huo ukuta mkubwa wa nchi kavu wa Konstantinopoli ulikuwa umejengwa, ukipita juu ya mashamba ya watu. Minara 96 ilisimama kwenye ukuta wa ndani. Serikali ilichukua ardhi, kisha ikawarudishia wenye mashamba kitu: vyumba vya chini vya minara wangeweza kuvitumia, kwa sharti kwamba kila mwaka wavikarabati kwa fedha zao wenyewe. Nadhani sheria hii fupi inatosha kuonyesha dola likibadilika. Mkulima anaweka zana na mavuno chini ya mnara, anaziba ufa kabla mvua haijaharibu mali yake, na juu ya kichwa chake askari wanapata ukuta ambao haumgharimu kaisari fundi mwashi wa kudumu. Mtumiaji na mtunzaji ni mtu mmoja.

Mwaka 447 tetemeko la ardhi liliangusha minara 57, wakati Attila na jeshi lake la Wahunni walikuwa kaskazini mwa mji. Mkuu wa serikali aliyeitwa Constantinus aligawa kazi kwa makundi ya mashabiki wa mashindano ya farasi, na maandishi yaliyochongwa ukutani yanasema kazi ilimalizika kwa siku 60. Ni mojawapo ya tarehe chache katika historia hii zilizotimizwa kikamilifu, na sioni sababu ya kushangaa: kila aliyebeba jiwe alijua analala ndani ya ukuta huo. Ukuta ulifanya kazi kwa miaka elfu moja.

Ukuta wa pili haukuwa na bahati hiyo. Mwanzoni mwa karne ya sita, wakati wa Kaisari Anastasius, ulijengwa Ukuta Mrefu, kiasi cha kilomita 65 magharibi mwa mji, ukienda kilomita zipatazo 56 kutoka bahari hadi bahari. Kwenye mchoro ulikuwa na maana, kwani ungelinda mashamba, vijiji na mifereji ya maji nje ya mji. Lakini Procopius, mwandishi wa zama zile, anaeleza ulikokwama: ulikuwa mrefu mno kwa walinzi waliokuwepo, na adui aliyeupenya mahali popote alikuwa ameupenya wote. Bajeti ya ujenzi ilipatikana, ya walinzi haikupatikana. Kaisari Justinian aliurekebisha, ukapenywa tena, na katika karne ya saba ukaachwa. Miradi mingi huishia hivi. Ukuta wenyewe ulikuwa umekamilika. Kilichokosekana ni watu ambao kila asubuhi wangeamka kwa ajili yake.

Justinian mwenyewe, aliyetawala kuanzia 527 hadi 565, ndiye kaisari wa kazi nyingi kuliko wote. Procopius aliandika kitabu kizima kusifu majengo yake, na kingine cha siri kulaani matumizi yake, kwa hiyo tunazo pande zote mbili kutoka kwa kalamu moja. Baada ya ghasia za Januari 532 kuteketeza kanisa kuu la Hagia Sophia, ujenzi mpya ulianza Februari na kanisa likafunguliwa tarehe 27 Desemba 537. Miaka mitano na miezi kumi kwa jengo ambalo kuba lake lina upana wa mita 31 hivi. Procopius anasimulia kwamba tao la mashariki, likiwa bado halijafungwa katikati, lilizielemea nguzo zake hata zikaanza kumeguka. Mafundi wakaenda kwa kaisari na hofu yao, naye akawaambia wamalize tao, litajibeba lenyewe.

Tao likafungwa, lakini udongo wa chokaa haukuwa na haraka kama wao. Katika kuta zile tabaka la udongo wa kushikilia ni nene karibu sawa na tofali, na chokaa ya namna hiyo huchukua muda mrefu kukauka. Jengo liliendelea kupanda huku chini bado kuna ulaini, na nguzo zikainama kidogo kwenda nje. Matetemeko ya 553 na 557 yaliacha nyufa. Tarehe 7 Mei 558 sehemu ya kuba ikaanguka. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu ufunguzi. Muda wa miaka 15 wa wasimamizi na warithi wao ulikwisha kumalizika. Kuba la pili lilijengwa juu zaidi kwa takriban mita 6, kwa sababu kuba lililoinuka husukuma kuta kidogo kuliko lililolala, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 562. Ukijumlisha, kazi iliyosifiwa kwa kumalizika ndani ya miaka sita ilichukua miaka kumi ya ujenzi, ikalipiwa mara mbili mahali palipo pagumu zaidi. Kuba hilo la pili, pamoja na matengenezo ya baadaye, ndilo aonalo mgeni leo.

Mradi mwingine wa Justinian ulikuwa sheria. Tume iliyoongozwa na Tribonian ilisoma karibu vitabu 2,000 vya wanasheria wa kale, ikapunguza mistari milioni tatu ikabaki 150,000, katika vitabu 50. Walidhani ingechukua zaidi ya miaka kumi. Walianza Desemba 530, wakamaliza Desemba 533. Kwa kigezo cha ratiba, sijui kazi nyingine ya ukubwa huo iliyokwenda vizuri hivyo. Tatizo lilikuwa lugha. Mkusanyo uliandikwa kwa Kilatini, ilhali watu wengi wa dola lile walisema na kusoma Kigiriki, na shule maarufu ya sheria ya Beirut iliharibiwa na tetemeko mwaka 551. Justinian alianza mwenyewe kutoa sheria zake mpya nyingi kwa Kigiriki. Lakini ilipofika mwaka 741, Kaisari Leo wa Tatu na mwanawe walipotoa kitabu kifupi cha Kigiriki kiitwacho Ecloga, walieleza katika utangulizi kwamba sheria za zamani zimekuwa ngumu kueleweka, na kwa wengine hazieleweki kabisa, hasa wanaoishi nje ya mji mkuu. Karne mbili na ushee zilikuwa zimepita tangu tume ikabidhi kazi yake. Ecloga ina milango 18 tu. Wanazuoni wa Ulaya wanaukumbuka mkusanyo wa Justinian, na ni haki yao, ila hakimu wa mji mdogo wa Anatolia alihitaji hicho kitabu kidogo.

Gharama zilikua kwa njia nyingine pia. Amani ilikuwa na bei inayopanda: Attila alianza kwa kulipwa ratili 700 za dhahabu kwa mwaka, na baada ya 447 akadai 2,100. Uajemi ulilipwa ratili 11,000 mwaka 532 kwa amani iliyoitwa ya milele, ikavunjika mwaka 540. Amani hiyo ilikuwa ya kumpa Justinian nafasi ya kurudisha majimbo ya magharibi. Afrika ya Kaskazini ilirudi ndani ya miezi tu. Vita vya Italia dhidi ya Wagothi vilianza 535 kwa makadirio ya kampeni fupi, vikaisha 554, mji wa Roma ukiwa umebadili mikono mara kadhaa na mifereji yake ya maji imekatwa na Wagothi. Katikati, mwaka 541 na 542, ilipita tauni iliyoondoa walipa kodi na mafundi kwa pamoja. Sheria ya 554 iliahidi Waroma matunzo ya majengo ya umma, bandari na mifereji. Mwaka 568 Walombardi waliingia Italia, na ahadi hiyo haikupata tena nguvu ya kuitekeleza.

Karne ya saba ilifanya kile ambacho hakuna mpangaji angethubutu kupendekeza: ilikata orodha ya kazi. Mwaka 618, Waajemi wakiichukua Misri, mgao wa mkate wa bure ulisimamishwa na haukurudi. Mwaka 626 Waavari walipouzingira mji walikata mfereji wa Valens. Katika miaka ya 630 na 640 Syria, Palestina na Misri zilikwenda kwa Waarabu, na mwaka 698 Carthage ikafuata. Dola lililobaki lilikuwa Anatolia, sehemu za Ugiriki, visiwa, Thrace na vipande vya Italia. Mfereji haukutengenezwa kwa miaka 140. Watu walikuwa wamepungua sana. Waliobaki waliishi kwa mabirika na kwa mfereji wa chini. Birika la chini ya ardhi la Justinian peke yake lina nguzo 336, na kwa mji uliopungua maji ya namna hiyo yalitosha.

Baada ya tauni ya mwaka 747, Kaisari Constantine wa Tano alihamishia mjini familia kutoka Ugiriki na visiwani. Watu wapya walihitaji maji, na mwaka 766 mvua haikunyesha. Mabirika na mabafu yakakauka. Kaisari akaamua mfereji ufufuliwe. Theophanes, mwandishi aliyemchukia kwa sababu za dini, ametuhifadhia hesabu ya mafundi: kutoka Asia na Ponto waashi 1,000 na wapiga lipu 200, kutoka Ugiriki na visiwani mafundi wa vigae na mabomba ya udongo 500, kutoka Thrace vibarua 5,000 na wafyatua matofali 200. Jumla 6,900, na juu yao wasimamizi na ofisa mmoja wa cheo cha juu.

Soma orodha hiyo tena na utaona ramani. Asia hapa ni magharibi ya Anatolia, Ponto ni pwani ya Bahari Nyeusi. Hakuna fundi kutoka Misri, wala Syria, wala Afrika, wala Italia. Miaka mia mbili kabla yake kaisari angeweza kuagiza mafundi kutoka nchi zote hizo na kuanzisha kazi tano kwa mpigo. Constantine wa Tano alikuwa na majimbo manne au matano ya kukusanya watu, na kazi moja, ambayo si yake, iliyozinduliwa na mtu mwingine mwaka 373. Waliziba nyufa, wakapiga lipu ndani ya mkondo, wakaweka vigae vipya palipooza. Kazi ilikamilika, na maji yakapita tena juu ya daraja la Valens kuingia mjini, hadi kwenye vilima.